Kurasa za Bi Kuruthumu

Kasmir Ngonyani alikuwa karani wa masjala katika wizara moja pale Posta. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili, kuyapiga muhuri na kuyapanga. Mtu pekee mjini aliyejua zaidi ya hapo juu yake alikuwa Mrisho, muuza karatasi wa Kariakoo, ambaye alimwita Padri. Kasmir hakuwa padri. Alikaa seminari miaka tisa huko kwao Songea, akatoka bila kumweleza mtu sababu, na alichoondoka nacho kilikuwa Kilatini tu.

Mwaka huo, 1974, Kilatini kilikuwa kimeshashuka altareni. Misa ilisomwa kwa Kiswahili, na nyumba za mapadri zilikuwa zinapunguza vitabu makabatini. Wageni waliokuwa wanauhama mji nao waliuza walichoshindwa kubeba. Vitabu vilivyokosa mnunuzi viliishia kwa watu kama Mrisho, aliyevichukua kwa uzito, akavichana, na karatasi zake kuwauzia wachuuzi wa karanga, ubani na samaki wa kukaanga. Soko jipya lilikuwa bado linajengwa, wafanyabiashara wametapakaa mitaani, na Mrisho alikuwa na banda lake la mabati kwenye kona ya vumbi. Kasmir alipita hapo kila Jumamosi, mapema, kabla kisu hakijaanza kazi. Kwa njia hiyo alikuwa ameokoa vitabu sitini na viwili: washairi wa Kirumi, habari za vita vyao, na historia za Kanisa zilizochapwa zamani sana, nyingine zikiwa na umri wa miaka mia tatu. Aliviweka katika makasha ya chai ndani ya chumba alichopanga Mtaa wa Narung'ombe. Hakuwa na mke. Jioni alivitoa kimoja kimoja, akavifuta, akasoma kwa sauti ya chini, akavirudisha.

Kitabu cha sitini na tatu alikipata mwezi wa Machi. Mrisho alimpa kikiwa kimeviringwa kwenye gazeti.

"Hiki sikigusi," alisema Mrisho. "Aliyeniletea kasema ngozi yake ya nguruwe."

"Kweli ni ya nguruwe," alisema Kasmir. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kiganjani, na ngozi iliyokuwa nyeupe imegeuka rangi ya meno. Ukurasa wa jina haukuwapo, lakini mwishoni mchapaji aliacha mwaka: 1617. Ilikuwa historia ya kanisa moja la milimani huko Ulaya, katika mji ambao Kasmir hakuupata kwenye ramani yoyote.

Alipofika nyumbani alihesabu kurasa zake, kama alivyofanya kwa kila kitabu. Baada ya ukurasa wa 128 ulifuata wa 145. Kurasa kumi na sita hazikuwapo. Hazikuliwa na mchwa. Uzi ulikuwa umekatwa na fungu zima kutolewa. Wachapaji wa zamani walikuwa na desturi ya kuweka chini ya kila ukurasa, pembeni, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mfungaji wa kitabu asikosee mpangilio. Chini ya ukurasa wa 128 neno hilo lilikuwa *Lector*, yaani msomaji. Na ukurasa wa 145 ulianza hivi: *Superstites autem mulierem mutam sepelierunt*. Na waliobaki hai wakamzika yule mwanamke bubu. Mwanamke gani, Kasmir hakujua. Kurasa zote za nyuma hazikuwa na mwanamke.

Jumamosi iliyofuata alimuuliza Mrisho. "Padri, mimi nachana karatasi mchana kutwa," alijibu Mrisho. "Lile fungu lilikuwa limelegea, nikamalizia kulitoa kabla sijaambiwa habari ya ngozi. Nani kalinunua, nitakumbuka wapi."

Kasmir aliumia kama mtu aliyepoteza jino la mbele. Wakusanyaji wa vitabu wako hivyo. Kitabu kibovu kizima ni bora kuliko kizuri chenye pengo.

Mwenye nyumba yake alikuwa Bi Kuruthumu, mjane wa makamo aliyezaliwa Kariakoo hiyo hiyo. Aliishi na binti yake Sitara, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Bi Kuruthumu alitengeneza kashata za nazi na kuziuza barazani, na tangu mwaka uliopita alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima kwenye shule ya jirani. Kurani aliijua tangu utotoni, lakini herufi hizi za serikali alizianza ukubwani, na alizipenda. Alisoma kila kilichoandikwa: magunia, makopo, mabango ya chama.

Siku ya Jumatatu, baada ya alasiri, Kasmir alirudi kutoka kazini, akapita ukumbini kwenda uani kuchota maji. Bi Kuruthumu alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua mchele. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kasmir alidhani anasoma uradi. Kisha akasikia neno.

"*Lector*," alisema Bi Kuruthumu, na akaendelea, silabi kwa silabi, kwa lafudhi yake ya Kizaramo, bila kuinua macho kwenye mchele.

Kasmir aliweka ndoo chini. Kilikuwa Kilatini. Hakikuwa cha sala, wala cha nyimbo za kanisani ambazo mtu angeweza kuzidaka kwa kupita dirishani. Ilikuwa habari inayosimuliwa. Katika mji ule ilikuja tauni, na askofu akaamuru msomaji wa kanisa asimame kila siku asome majina ya waliokufa, asiache hata mmoja. Sauti ilikwenda hivyo kwa muda kama wa kuchemsha chai. Mwishoni Bi Kuruthumu alisema neno *cadavera*, maiti, akanyamaza, akalisema tena peke yake, *cadavera*, kisha akatikisa ungo na kupuliza makapi.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu," alisema Kasmir.

"Marahaba. Umerudi? Leo maji yanatoka kidogo kidogo."

"Hayo uliyokuwa unayasema umeyapata wapi?"

Alimtazama. "Nilikuwa nasema? Mimi hapa nimekaa kimya, nachagua mchele."

Kasmir alimweleza kwamba alikuwa akisema maneno ya kigeni. Bi Kuruthumu akacheka. "Labda yale ya kwenye karatasi. Nilinunua kwa Mrisho karatasi za kufungia kashata. Kabla ya kufunga, nazisoma, najifunza. Maneno yenyewe sijui ya mzungu gani, lakini yanasomeka. A, e, i, o, u, kama yetu tu."

"Ziko wapi?"

"Zimekwenda na kashata zake, mwanangu. Wapagazi wamekula, karatasi wametupa."

Usiku huo Kasmir alijaribu kujituliza. Mtu mwenye kichwa kizuri, aliyeizoea Kurani kwa moyo, anaweza kushika ukurasa asioelewa. Lakini lile neno lililorudiwa lilimkosesha raha. Aliyerudia *cadavera* alikuwa amefika chini ya ukurasa, akasoma lile neno la pembeni, akafungua ukurasa mpya. Bi Kuruthumu hakuwa anakumbuka. Alikuwa anasoma.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akawahi kurudi, akakaa kizingitini mwa mlango wa uani na daftari. Baada ya alasiri sauti ilianza tena, ikaanzia *cadavera*. Kasmir aliandika. Hakukosa hata neno moja, maana Bi Kuruthumu alisoma taratibu, kama anayefuata kwa kidole. Ukurasa wa 130. Siku ya tatu, wa 131. Kila siku ukurasa mmoja, kila siku saa ile ile, mikono yake ikiwa kazini: inakuna nazi, inakunja kanga, inaosha vyungu. Na kila siku, ukimuuliza, alikuwa amekaa kimya.

Kasmir alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua tangu atoke seminari. Duniani pengine hakukuwa na nakala nyingine ya kurasa zile, na yeye alikuwa anazipata.

Siku ya nne Bi Kuruthumu alimwambia Sitara, "Niletee kile, kile cha kupepetea." Sitara akauliza, "Ungo?" Mama yake akaitikia, "Hicho." Lilikuwa jambo dogo. Kasmir alilisikia, na kwa mazoea ya karani akaliandika kwa Kiswahili pembeni mwa ukurasa wa 132: *Leo hakujua jina la ungo.*

Siku ya tano hakukumbuka jina la mtaa. Siku ya sita alisimama mbele ya picha ya marehemu mumewe ukumbini akauliza kwa upole, "Huyu bwana alikuwa anaitwa nani?" Kasmir aliandika hayo pia. Siku hiyo hiyo ukurasa wa 134 ulieleza kwamba msomaji wa kanisa alikufa kitabu kikiwa wazi mbele yake. Na wa 135, siku ya saba, ulisema: *Lotrix quaedam, quae litteras nesciebat, legere coepit.* Mwanamke mmoja mfua nguo, asiyejua kusoma, akaanza kusoma.

Mkono wa Kasmir ulisita hapo. Kisha ukaendelea, kwa kuwa sauti ilikuwa inaendelea. Mfua nguo alianzia pale alipokomea msomaji. Majina aliyataja yote, hata ya watu waliokuwa wamesimama wazima wakimsikiliza, na hao nao wakafa kwa mpangilio aliowataja. Kwa kila siku aliyosoma, alisahau kitu kimoja cha nyumbani kwake: majina ya vyombo, majina ya watoto, sala zake. Watu walimwachia asome, maana walitaka kujua orodha inaishia wapi.

Jioni ile Sitara alimsimamisha ukumbini. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. "Kaka Kasmir, mama leo kashindwa kusali. Kasimama kwenye mkeka, kasema Allahu akbar, basi. Ananiangalia. Alhamdu hajui aianze vipi. Mama yangu, aliyefundisha watoto wa mtaa mzima."

"Labda ni uchovu," alisema Kasmir. "Mpeleke hospitali."

"Nimempeleka. Wamempa vidonge vya damu."

Kasmir aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Alijua. Alikuwa ameshajua tangu siku ya sita, labda tangu ungo. Alijiambia kwamba dawa ya jambo lile, kama ipo, itakuwa imeandikwa humo humo, mbele, katika kurasa zilizobaki, na kwa hiyo ni lazima aandike. Hoja yenyewe haikuwa mbaya. Ila alijua pia kwamba hata kama dawa isingekuwapo, angeandika.

Aliandika siku nyingine nne. Bi Kuruthumu aliacha kwenda kisomo. Aliacha kuuza kashata, kwa sababu wateja wakimsalimia aliwatazama vinywa. Masika yalikuwa yameanza na uani kulijaa maji, wakamhamishia kigoda chake ukumbini. Hapo, saa ile ya alasiri, sauti ilisikika mpaka barazani, na wapita njia walidhani mle ndani kuna redio.

Siku ya kumi na mbili Kasmir aliitwa kwa mkubwa wake kazini akachelewa. Aliporudi mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Sitara alikuwa amekaa juu ya kasha moja, daftari mkononi.

"Mvua imevuja huku, nikaja kuhamisha vitu vyako," alisema. "Hiki Kizungu sikijui. Lakini pembeni umeandika Kiswahili." Akasoma, bila kupandisha sauti. "'Leo hakujua jina la ungo.' 'Leo hamjui marehemu.' 'Leo sala.' 'Leo kamwita Sitara dada.' Umeweka na tarehe."



"Ulikuwa unaona," alisema Sitara. "Ukawa unaandika."

"Nilitafuta dawa."

"Umeipata?"

"Bado."

Sitara aliinuka na lile daftari. Alimwambia asikanyage tena ukumbini mama yake anapokuwa pale, na kwamba mwezi ukiisha ahame. Kisha akaenda jikoni, akalitia daftari kwenye jiko la mkaa, kurasa tatu tatu. Kasmir aliona kutoka mlangoni. Kurasa kumi zilizokuwa zimepotea duniani zilipotea tena, na hakunyoosha mkono.

Kesho yake alikibeba kitabu mpaka kwa Mrisho, akamtaka akichane chote. Mrisho alikitazama juu ya gazeti lake. "Padri, karatasi nilizouza zilishatoka. Nikichana hiki kilichobaki, zile zitarudi?" Kasmir alifikiri, akakirudisha kwenye mfuko.

Sauti haikukoma. Kumbe haikuhitaji wa kuandika. Kasmir alikaa chumbani mlango umefungwa, na kupitia ukutani akazifuata kurasa za 141, 142, 143. Sauti ilikuwa imekonda. Zaidi ya hayo Bi Kuruthumu hakusema kitu chochote tena, si kwa binti yake wala kwa majirani waliokuja kumjulia hali. Hakuomba maji, alipewa. Na kurasa hazikutaja dawa. Zilisema tu kwamba mfua nguo alikaribia mwisho wa orodha, na hakukuwa na mtu wa kumpokea.

Siku ya kumi na sita, saa nane mchana, Kasmir alifungua kitabu palipo na pengo akasoma tena mstari ambao alikuwa ameusoma mara mia. Na waliobaki hai wakamzika yule mwanamke bubu. Sasa alimjua ni nani. Akaenda kugonga mlango wa Sitara.

"Leo anamaliza," alimwambia. "Akimaliza bila mtu wa kumpokea hatasema tena. Na hataishi. Ninayo sehemu inayofuata, imo humu. Niruhusu nimpokee."

"Kumpokea vipi?"

"Kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo. Atakapofika mwisho, mimi nianze."

Sitara akauliza, "Na wewe utakuwaje?"

"Sijui."

Akamwachia mlango.

Mvua ilikuwa inanyesha, ukumbi una giza la mawingu. Bi Kuruthumu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, kwa mara ya kwanza haina kazi. Kasmir akakaa mkekani mbele yake na kitabu. Sitara alisimama nyuma ya mama yake, kamshika mabega. Ukurasa wa 144 ulisomwa kwa mnong'ono, kila neno likitanguliwa na pumzi. Yalikuwa majina matupu, majina ya watu wa mlimani waliokufa miaka mia kadhaa iliyopita. Kasmir aliinamia mdomo wake asikose. Kisha likaja neno la pembeni.

"*Superstites*," alisema Bi Kuruthumu. Akavuta pumzi ya kulirudia.

"*Superstites*," alisema Kasmir kabla yake, na akaendelea kusoma.

Mdomo wa Bi Kuruthumu ulibaki wazi kidogo, kisha ukafumba. Kasmir alisoma ukurasa wa 145, wa 146. Alijaribu kusimama mwisho wa ukurasa akashindwa. Ulimi ulilisema neno la pembeni, mkono ukafungua. Alisoma hivyo mpaka wa 176, ambako kitabu kilikwisha. Karibu na mwisho aligundua jambo. Mwanzoni alikuwa anasoma habari: mazishi, askofu mpya, kengele iliyoyeyushwa. Sasa alikuwa anatamka tu. Herufi aliziona, sauti zilitoka, lakini nyuma yake hapakuwa na kitu, kama mlango uliochorwa ukutani. Alipofunga kitabu, adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa.

"Maji," alisema Bi Kuruthumu.

Sitara aliyaleta mbio, akilia.

Bi Kuruthumu alipona, lakini si kabisa. Vyombo na mitaa vilirudi vyenyewe baada ya siku chache. Alhamdu, Sitara alimfundisha upya, aya kwa aya, akimshika mkono kama mtoto wa chuo, na ilichukua mwezi mzima. Jina la mumewe alilijua kwa kuambiwa. Alilitaja vizuri, lakini majirani walisema alilitaja kama mtu anayetaja jina la diwani.

Kilatini cha Kasmir hakikurudi. Alitoa kitabu cha sarufi alichojifunzia utotoni akaanza na somo la kwanza. Maneno aliyoyashika asubuhi hayakuwapo mchana. Kanisani Jumapili, wazee walipoimba wimbo wa zamani, alisimama akisikiliza sauti tu. Vitabu vyake sitini na vitatu viliendelea kuwa vizima, vimefutwa vumbi. Padri mmoja aliyesikia habari zake alikuja kuviona, akavifungua, akasoma kwa sauti na kucheka mahali, akamwomba radhi kwa kucheka. Kasmir alimpa vyote. Kile cha ngozi ya nguruwe tu hakumpa. Alimwambia kimepungua kurasa, hakifai.

Alihama mwisho wa mwezi kwenda Ilala, kama alivyoambiwa. Mizigo yake ilitosha mkokoteni mmoja. Sitara alikuwa kazini. Bi Kuruthumu alikuwa barazani, na Kasmir alimwendea kuaga.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu. Ndiyo naondoka."

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama." Alimtazama, akasita. "Unisamehe. Umekaa hapa siku nyingi, nakuona. Jina lako nani?"

"Kasmir."

"Kasmir," alisema. Akalirudia tena, polepole. Kasmir akangoja kusikia kama kuna neno linalofuata. Halikufuata. Bi Kuruthumu alikuwa anatazama nyuma yake, barabarani.

"Mwambie huyo kijana wa mkokoteni akaze kamba," alisema. "Godoro linakaribia kuanguka."